Ni wa Kwenu?

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, baada ya kukata zaidi ya kilomita 900 za mbuga, milima na mashamba ya kahawa ya Mbozi, hufika Tunduma ikasimama mbele ya lango la Zambia. Na malori yanayoifuata, mengine yamechukua mafuta, mengine saruji, mengine shehena tusizozijua wenyeji ila kwa turubai lililofunikwa juu yake, husimama nayo, foleni moja ambayo kichwa chake kipo mpakani na mkia wake, siku za msongamano, umelala huko Mpemba. Tangu mwaka 2019, kilipofunguliwa kituo cha pamoja ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani, lakini foleni haijatutoka. Ndani yake watu hula, hulala, hufua nguo zao na kuzianika kwenye vioo vya malori. Na ndani yake, aghalabu bila ya mtu kujua, watu huugua.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua uliopita nilikuwa nikienda kando ya malori hayo ili niwahi gari la Vwawa, ambako nilikuwa na miadi kwa shauri la shamba, nikaona mlango wa lori moja u wazi na dereva amelaza paji la uso juu ya usukani. Mkono wake wa kulia ulining'inia nje. Kandambili yake moja ilikuwa imeanguka matopeni, na shati lake limeloa jasho ilhali sisi wengine, kwa baridi ya asubuhi ile, tulikuwa tumevaa masweta. Vijana wawili wanaobadilisha kwacha na shilingi walikuwa wamesimama hapo wakimtazama, na mmoja wao akanigeukia kwa adabu, akasema, "Shikamoo mzee. Huyu ni wa kwenu?" Nikajibu, "Marahaba. Hapana, simjui," nikapita.

Nilisema kweli, wala hakuna kadhi ambaye angenihukumu kwa uwongo. Lakini gari lilipokuwa likipanda kuelekea Vwawa nilihisi kwamba katika kweli ile palikuwa na hiana. Neno "simjui" ni zito katika kinywa cha Mkristo. Petro alilitamka uani kwa kuhani mkuu, akiota moto wa makaa pamoja na watumishi, na aliyemkana alikuwa rafiki yake aliyekuwa akiteswa hatua chache kutoka pale. Nasi tunaofundishwa tangu utotoni kuwa Bwana yumo katika mgeni na mgonjwa, tunapomkana mgonjwa aliye mgeni, hatujui tumemkana nani.

Nimelitafakari sana swali la kijana yule, maana si lake peke yake. Hili ndilo swali la mji wetu mzima. Mtu akianguka sokoni, akigongwa na bodaboda, akifia nyumba ya wageni, jambo la kwanza liulizwalo ni kama yeye ni wa nani, na kabla jibu halijapatikana mikono yote hubaki mifukoni, au, siku hizi, huinua simu ili kupiga picha. Naijua asili ya hofu hii na sipendi kuwadhulumu watu kwa kuwaita makatili tu. Anayemchukua majeruhi huogopa kuambiwa kwamba ndiye aliyemjeruhi. Anayempeleka mgonjwa huogopa kubakizwa na deni la dawa. Na katika nchi yetu hii ya Mbozi wapo watu wazima wasiosahau habari za kuchunwa ngozi za binadamu zilizotutia aibu na kitisho katika kupinduka kwa karne, wakati ambapo mgeni akibisha hodi jioni, mama wa nyumba alikusanya watoto kwanza ndipo akaitika. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa hotuba. Lakini kadiri miaka inavyopita naona kwamba hofu, iliyokuwa udhuru wa saa ya hatari, imekuwa desturi ya kila saa, na sisi wenye kwenda ibadani ndio tulioifanya desturi kwa ufasaha zaidi, kwa kuwa tunao maneno mengi ya kuipamba.

Mimi ni wa Kanisa la Moravian, ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891 wakipitia Ziwa Nyasa, na muda si mrefu baadaye wakaja Mbozi. Huwa tunasimulia safari ile kama kwamba ndiyo mwanzo wa yote, nasi husahau kwamba watu wale nao walikuwa na asili yao. Mwaka 1722 jamaa chache za wakimbizi wa dini, waliotoka Moravia kwa kificho na kuacha nyumba na mali zao, walivuka mpaka wakaingia Saxony, wakapewa mahali pa kujenga katika ardhi ya kijana mmoja wa ukoo wa kikabaila, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, ambaye hakuwa wa taifa lao wala wa kanisa lao. Kijiji walichojenga kiliitwa Herrnhut, na humo ndimo mlimotoka, miaka kumi baadaye, wamisionari wao wa kwanza kwenda ng'ambo. Kama mwenye ardhi ile angewaambia wavuka mpaka wale, "Hamtuhusu," sijui kengele ya Rungwe ingelipigwa na nani. Sisi tunaoishi penye mpaka, ambao kila asubuhi twaona watu wakivuka na mabegi vichwani, ilitupasa tuielewe hadithi hiyo kuliko Wakristo wa mahali pengine popote.

Na tazama misiba yetu. Nilipokuwa kijana, kufiwa kwa jirani kulikuwa ni kufiwa kwa mtaa. Wanaume tulilala nje penye moto siku kadhaa, wanawake walileta unga, kuni na maharage bila ya kuitwa, na mfiwa hakuachwa peke yake na giza hata usiku mmoja. Sasa mfiwa hupokea rambirambi katika simu. Sizibezi fedha hizo, maana jeneza hununuliwa na wageni hula, na mtu aliye mbali afanyeje. Ila najua watu wanaokaa nyumba ya tatu kutoka kwa mfiwa ambao nao wametuma kwa simu, wakajiona wamemaliza. Simu haisongi ugali. Haikai kitako mkekani karibu na mjane asiyetaka kusema neno, ikanyamaza naye.

Siku chache baada ya kumwona dereva yule nilirudi mahali pale. Lori halikuwapo, na mahali pake palikuwa na lingine. Kando ya barabara, chini ya kibanda cha turubai, mama ntilie mmoja alikuwa akichoma chapati, mtoto mgongoni, nikaagiza chai ya rangi ili nipate sababu ya kukaa, nikamwuliza habari za dereva aliyeugua. Aliniambia kwamba ni yeye aliyemshusha, akisaidiwa na wale vijana wa kwacha, ambao walikuwa wakingoja tu mtu wa kuanza. Akaita bajaji, akampeleka kituo cha afya na kumwachia jirani jiko lake. Ilikuwa malaria kali. Nesi alipouliza kwa ajili ya daftari kwamba yeye ni nani wa mgonjwa, alijibu, "Dada yake," na ikaandikwa hivyo. Jana yake dereva alipita kumuaga, anakwenda kwao Lubumbashi, akasimama pale barabarani akirudia, "Aksanti mama, aksanti sana," mpaka malori ya nyuma yakapiga honi.

Nikamwambia kwamba mimi nilimwona kabla yake, nikapita. Hakunilaumu. Alipuliza makaa, akasema, "Baba, angefia pale, mimi ningepikia wapi tena?"

Nikamwuliza dereva yule anaitwa nani. Akageuza chapati, akafikiri kidogo, akasema kwamba hakuwahi kumwuliza.