Mizani Haijui Afya, Wala Haijui Upendo



Ukienda bucha pale Githurai 45 kununua nyama ya Jumapili, mwenye duka huiweka kwenye mizani na kukuambia: kilo moja. Neno hilo ni kweli. Lakini mizani haiwezi kukuambia kama nyama ni salama. Kwa jambo hilo unatafuta mhuri wa mkaguzi. Uzito ni kitu kimoja, uzima ni kitu kingine.

Basi, mbona nyumbani tunaisahau hekima hii? Nyumba nyingi sasa zina mizani ndogo bafuni au chini ya kitanda. Mama huipanda kila asubuhi. Namba ikiongezeka, siku imeharibika: hanywi chai, haendi Jumuiya, hataki hata mumewe amguse. Naye baba, badala ya kumfariji, humtania mbele ya watoto. Polepole chombo hicho kinakuwa hakimu kati ya watu wawili waliounganishwa na Mungu.

Hakimu huyu hajui mengi. Uzito wa mtu mzima waweza kubadilika kilo moja au mbili kwa siku kwa sababu ya maji, chumvi na chakula tu. Mizani ya kawaida haitofautishi mafuta na misuli. Kumbukeni miaka ile, kama 1999 serikali yetu ilipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Aliyekonda alinong'onwa, na mnene akadhaniwa mzima, ingawa virusi huweza kukaa mwilini miaka mingi bila mtu kukonda. Leo tumegeuka: anayepungua anasifiwa. Lakini baba anayekonda bila sababu, mwenye kiu isiyoisha na anayeamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, huenda ana kisukari. Mizani itampongeza, kumbe mwili unalia.

Hatusemi uzito si kitu. Mama mjamzito na mtoto mchanga wapimwe kliniki, na unene uliozidi huweza kuleta maradhi. Lakini hayo ayaamue daktari, anayetazama mambo mengi pamoja. Nendeni wote wawili mkapimwe presha, maana ni ugonjwa unaokaa kimya. Kipimo kikirudia kufika 140 kwa 90, msichelewe kupata matibabu. Pimeni na sukari. Tena jiulizeni: tunapanda ngazi za daraja la Barabara ya Thika bila kuhema sana? Tunalala vizuri? Tunakula mboga na matunda ambayo soko letu limejaa? Mkitembea pamoja nusu saa, siku tano kwa wiki, mtapata afya na nafasi ya kuzungumza.

Nabii Samweli alipofika kwa Yese, alivutiwa na umbo la Eliabu, na Mungu akamkataza kuhukumu kwa macho. Papa Fransisko naye, katika wosia wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba sura na miili ya wanandoa hubadilika kadiri ya miaka, lakini hiyo si sababu ya upendo kupungua. Baba, mwili unaoucheka ndio uliokuzalia watoto. Mama, tumbo unalolisema ni la mtu anayerudi usiku na matatu, amechoka kwa ajili yenu. Siku ya harusi mliahidi kupendana katika ugonjwa na afya. Kilo hazikutajwa.

Wiki hii, jioni moja watoto wakisha kulala, kaeni wawili. Kila mmoja amwambie mwenzake ni neno gani juu ya mwili wake lililomwuma. Aliyelisema aombe msamaha. Kisha iondoeni mizani bafuni, mshikane mikono, mshukuru kwa ajili ya mwili wa mwenzako, ulio hekalu la Roho Mtakatifu.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.