Mvua Iliyozama Chyulu



Barabara inayotoka Amboseli kwenda Tsavo Magharibi ina mahali ambapo madereva hupunguza mwendo bila kuambiwa. Ni karibu na lango la Chyulu. Nyasi zinakatika ghafla, na pande zote mbili yanabaki mawe meusi, makali, yaliyorundikana na kupasukapasuka kwa kilomita 8 hivi. Ni lava iliyoganda. Abiria hushuka, hupiga picha, kisha wengi hunyamaza. Ukiyakanyaga mawe hayo, yanasagana chini ya viatu kwa sauti kavu. Ukiokota kipande kimoja utashangaa kilivyo chepesi. Kimejaa vitundu, vingine vidogo kuliko punje ya mtama, vilivyoachwa na hewa iliyokuwa ikitoka wakati jiwe hilo lilipokuwa bado moto mtupu.

Wenyeji walipaita Shetani. Masimulizi yao yanasema kwamba wazee waliuona moto ukitoka ardhini na kutembea, wakaamini kuwa yule mwovu mwenyewe amejitokeza. Kwa umri wa milima, hayo ni mambo ya juzi. Inaaminika kwamba volkano za Chyulu zililipuka mara ya mwisho katika karne ya 19, na mpaka leo sehemu kubwa ya lava hiyo haijaota kitu. Lakini ukiinama utaona madoa ya kijivu ya vimea vidogo vilivyong'ang'ania jiwe, na kwenye ufa uliokusanya vumbi kidogo, jani moja au mawili ya nyasi.

Wapo wanaoisoma tafakari hii wakiwa wamesimama mahali pa namna hiyo katika maisha yao. Labda ni wewe. Moto ulipita. Pengine ilikuwa ndoa, pengine shamba la marehemu baba lililowagawanya ndugu, pengine neno moja alilolisema mama yako mbele ya wageni ukiwa na umri wa miaka kumi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa miaka yote niliyoketi na watu kusikiliza machozi yao, ni nadra kukuta mtu aliyeunguzwa na mgeni. Huwa ni mtu wa karibu. Na swali linalokuja baada ya machozi ni lile lile: "Mchungaji, mimi nilishasamehe. Mbona bado panachoma?"

Swali hilo naliheshimu sana, kwa sababu anayeliuliza si mnafiki. Alipiga magoti kweli. Alisema kweli, "Nimekusamehe." Kisha miezi ikapita, akasikia sauti ya yule mtu kwenye simu, na tumbo likajikunja. Akaanza kuitilia shaka imani yake mwenyewe. Je, kuna lawama nzito kuliko hiyo, mtu kuumizwa, halafu kujiona mwenye dhambi kwa sababu bado anaumia?

Milima ya Chyulu ina pango refu linaloitwa Kisula, ambalo wachunguzi wengi hulijua kwa jina la Leviathan. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 10, nalo ni kati ya mapango marefu ya lava duniani. Jinsi lilivyotokea inanifundisha uvumilivu. Lava inapotiririka, juu hupoa kwanza, maana panapigwa na upepo. Panaganda na kuwa jiwe, na mtu akitazama kwa mbali atasema moto umekwisha. Lakini chini ya jiwe hilo moto bado unakwenda. Huendelea kutiririka hadi chanzo kikauke, ndipo unapobaki mwanya mrefu, mtupu, wenye giza. Basi, mpendwa, siku uliyosema "nimesamehe" hukusema uongo. Tabaka la juu lilipoa kweli. La ndani lina muda wake, na Mungu, aliyeiumba milima, hana haraka nalo. Je, wewe unaweza kulipatia muda bila kujichukia?

Nataka sasa tupande juu kidogo. Safu ya Chyulu ina urefu wa kilomita 100 hivi, na kilele chake kinapita mita 2,000. Juu kuna misitu inayokamata ukungu, na mvua inanyesha vizuri. Hata hivyo milima hiyo haina mto. Hakuna hata kijito kinachodumu mteremkoni. Mfugaji aliye chini huliona wingu likitanda, husikia radi, huona mvua ikishuka kama pazia, na asubuhi anakuta vumbi lilelile. Angesema mlima huu unameza tu. Umepewa mno, na hautoi kitu.

Maji yamezama. Majivu ya volkano na yale mawe yenye vitundu huyapokea tone kwa tone, nayo hushuka gizani, yakichujwa, yakitafuta njia, mwendo wa kilomita 50 hivi na kwa muda unaoweza kuwa wa miaka mingi. Kisha yanatokea kwenye chemchemi ya Mzima.

Aliyefika Mzima hasahau. Unatoka kwenye nchi kavu ya miiba na udongo mwekundu, askari wa wanyamapori mwenye bunduki anakuongoza kwa miguu kwa sababu ya viboko na mamba, na mara unasikia maji kabla hujayaona. Mikindu na mikuyu imeinamia ukingo. Maji ni maangavu kiasi kwamba kiboko aliyezama unamwona miguu yake ikigusa chini polepole, na samaki wakimfuata ubavuni. Pana chumba kidogo chenye vioo, nusu yake ikiwa ndani ya maji, ambamo wageni huteremka kwa ngazi na kuwatazama samaki uso kwa uso. Kwa makadirio, chemchemi hiyo hutoa zaidi ya lita milioni 200 kila siku, na hata kiangazi kikali, mito mingine inapobaki mchanga, Mzima huendelea. Viumbe vyote vilivyopo hapo vinaishi kwa mvua ambayo hakuna aliyeiona ikienda.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa nawe kidogo. Kilichoipokea mvua hiyo ni mawe yaleyale yaliyoungua. Vile vitundu vilivyoachwa na moto, na zile nyufa za kupoa, ndivyo vinavyoyapitisha maji. Jiwe gumu lisilo na ufa lingeyaacha yateleze juu na kupotea kwa siku moja.

Naomba unielewe vizuri, kwa sababu jambo hili limetumiwa vibaya makanisani. Sisemi moto ulikuwa mwema. Aliyekupiga alikosea. Aliyekudhulumu alikosea, na Mungu hakumtuma. Wala kusamehe si kurudi kuishi na mtu anayeendelea kukuunguza. Mama anayewatoa watoto wake katika nyumba yenye kipigo hajavunja amri ya upendo. Ninachosema ni hiki: majeraha uliyo nayo hayakukufanya usifae. Mtu aliyewahi kufiwa anajua kukaa kimya na mfiwa. Aliyewahi kuachwa husikia ukimya wa aliyeachwa kabla hajaambiwa. Neema inayonyesha juu yako inaingia kupitia papo hapo ulipopasuka, na huenda ndiyo sababu huioni ikitiririka. Imezama. Inafanya kazi.

Petro alimwuliza Bwana Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, akapendekeza mara saba, na nadhani alijiona mkarimu. Alijibiwa saba mara sabini. Zamani nilidhani jibu hilo linahusu makosa mengi ya ndugu. Siku hizi naona linaweza kuhusu hata kosa moja. Kosa moja kubwa husamehewa mara nyingi: leo asubuhi ukipiga mswaki na kumbukumbu ikija bila hodi, tena wiki ijayo kwenye harusi mkikutana mstari mmoja wa chakula, tena mwakani, mtoto akiuliza kwa nini hatuendi kwa ami. Kila mara ni tone. Hakuna hata moja litakalokupa ushuhuda wa kusimulia Jumapili. Unasema moyoni, "Bwana, namwachilia tena," unaosha vyombo, unakwenda kazini.

Uaminifu wa kila siku una sura hiyohiyo. Bibi anayewaombea wajukuu kwa majina kila alfajiri, na hakuna hata mmoja anayejua. Mume anayemgeuza mkewe mgonjwa kitandani saa nane za usiku. Karani anayeirudisha bahasha aliyosukumiwa chini ya meza, kisha akaitwa mjinga na wenzake. Tukiwatazama tunaona mlima usio na mto. Lakini mvua ya Chyulu haipotei kwa kuwa mfugaji hajaiona. Hata Mzima penyewe, kijito kinaonekana kwa mwendo wa kilomita mbili hivi tu, kisha lava inakiziba na maji yanazama tena. Kinachoonekana ni kidogo kila upande.

Liko jambo moja zaidi kuhusu maji haya, nalo linanisumbua. Tangu miaka ya 1950 sehemu yake huchukuliwa na bomba linalokwenda zaidi ya kilomita 200 mpaka Mombasa. Ni baraka kubwa. Watu wa pwani wamekunywa, wamepika na kutawadha kwa mvua ya milima ambayo wengi wao hawajawahi kuitia machoni. Lakini kwa miaka mingi wakazi wa Taita Taveta, ambako chemchemi iko, wamelalamika kwamba maji yanaondoka kwao na wao wanabaki na kiu. Hebu fikiri: mama anatembea na mtungi wa lita 20 mgongoni katika kaunti ambayo maji mengi kiasi hicho yanatoka ardhini. Malalamiko yale ni ya haki, na natamani yasikilizwe na wenye mamlaka.

Nami nikiyasoma najiuliza kuhusu nyumba zetu sisi waumini. Je, upendo wangu una bomba refu? Mzee wa kanisa anayejulikana kwa upole jimbo zima, ambaye watoto wake husikia mlango wa gari ukifungwa na kukimbilia vyumbani. Dada anayetuma mchango kwa kila msiba wa kikundi, na hajampigia mama yake mzazi simu tangu Pasaka. Tunawafikia walio mbali, na aliye kando ya chemchemi anabeba mtungi mtupu. Siulizi ili uone haya. Nauliza kwa sababu huenda kuna mtu mmoja, chini ya paa lako, ambaye amesikia sifa zako kwa wengine na anangoja zamu yake. Ungemtaja nani?

Nayo misitu ya juu, inayokamata ukungu, inahitaji kulindwa. Anayekata miti Chyulu kwa ajili ya makaa hamwoni mtu wa Kisauni, Mombasa, atakayekosa maji miaka ijayo. Dakika zako kumi za sala asubuhi ndizo msitu wako, usizikate ukidhani hazimhusu mtu.

Isaka, mwana wa Ibrahimu, aliujua uchungu wa maji. Alikaa Gerari, na Wafilisti walikuwa wamevifukia kwa udongo visima vilivyochimbwa siku za baba yake. Abimeleki, mfalme wao, akamwambia aondoke. Aliondoka, akakaa katika bonde la Gerari. Watumishi wake wakachimba, wakapata maji, wachungaji wa Gerari wakaja kugombana. Akawaachia. Wakachimba kingine, wakagombana tena. Akawaachia hicho nacho, akasogea mbele, akachimba cha tatu, na hapo hawakumfuata. Ninapenda kwamba Biblia haituambii alikuwa akijisikiaje. Inatuambia alichofanya: alisogea, akachimba.

Baadaye Abimeleki akamjia kwa hiari yake, pamoja na rafiki yake na jemadari wake, akitaka amani. Isaka aliwauliza waziwazi kwa nini wamekuja hali walimchukia na kumfukuza. Hakujifanya kuwa hakuna lililotokea. Kisha akawaandalia karamu, wakala na kunywa. Asubuhi wakaapiana, akawasindikiza, wakaenda zao kwa amani. Na siku hiyohiyo watumishi wa Isaka, ambao walikuwa bado wanachimba, wakaja kumwambia kwamba wamepata maji.