Pango la Ngeso na Mnara wa Montaigne: Faragha ya Mtu Mbele ya Jamaa Yake

Si mbali na Kombewa, katika eneo la Seme, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Bondo, pana rundo la mawe makubwa yaliyopandana ambalo Waluo huliita Kit-Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza. Kisa kinachoeleza jina hilo ni kifupi. Mzee mmoja, Ngeso, alilipenda jiwe hilo mno hata ikawa kila kukicha huondoka nyumbani, akaingia pangoni na kushinda humo kutwa. Mkewe alilazimika kumpelekea chakula huko huko. Watu walipomwuliza mumewe yuko wapi, alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Jibu likashika, likawa jina.

Aghalabu kisa hiki huchukuliwa kuwa maelezo ya asili ya jina tu. Makala haya yanakusudia kukisoma kama hoja ya maadili. Swali linalozuka ndani yake ni hili: je, mtu mwenye jamaa inayomtegemea ana haki ya kujitenga nayo? Na kama anayo, mpaka wake ni upi?

Kisa cha Ngeso kina ndugu yake wa mbali katika historia ya Ufaransa. Michel de Montaigne alizaliwa mwaka 1533 katika makao ya ukoo wake, mashariki ya Bordeaux. Ukabaila wa nyumba yake haukuwa wa kale sana. Baba wa babu yake, Ramon Eyquem, alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo na samaki wa chumvi aliyeinunua milki ya Montaigne mwaka 1477. Michel ndiye aliyeliacha jina la Eyquem akabaki na lile la milki. Mwaka 1565 alimwoa Françoise de la Chassaigne. Walizaa mabinti sita. Watano walikufa wachanga, akasalia Léonor peke yake. Mwaka 1571, akiwa na umri wa miaka 38 na amekwisha kuacha wadhifa wake katika mahakama ya Bordeaux, alijitenga katika mnara ulioko kwenye pembe ya ua wake, akapanga vitabu vyake orofa ya juu, na humo akaandika Essais.

Montaigne alifanya jambo ambalo Ngeso hakulifanya: aliitetea faragha yake kwa hoja. Alishikilia kwamba mtu na awe na mke, watoto na mali, lakini asifungamane navyo hata furaha yake yote ikategemea kuwapo kwavyo. Ajiwekee chumba cha nyuma ya duka kilicho chake peke yake, azungumze humo na nafsi yake kana kwamba hana jamaa, ili siku ya kuwapoteza isimkute mikono mitupu. Hoja hii si ya mzaha. Iliandikwa na mtu aliyekuwa amempoteza rafiki yake mpenzi, Étienne de La Boétie, mwaka 1563, na baba yake mwaka 1568, na ambaye angezika watoto wake mmoja baada ya mwingine. Asiyeweza kukaa na nafsi yake hana cha kuwapa wenziwe ila hofu yake ya kuachwa.

Hoja hiyo na ikubaliwe. Hata hivyo, haijagusa swali la nani anayeilipia faragha hiyo. Chakula cha Ngeso hakikujipeleka pangoni. Vivyo hivyo, Montaigne aliposafiri Ujerumani na Italia kwa muda wa miezi 17, kati ya mwaka 1580 na 1581, Françoise ndiye aliyebaki kuisimamia milki. Katika insha ile ile anamotetea safari zake, mumewe anasema kwamba elimu ya kuendesha nyumba ndiyo elimu yenye manufaa na heshima kuu kwa mwanamke. Ni sifa iliyomfaa sana msifu.

Hapa ndipo haki inapopasa kutofautishwa na fadhila ya cheo. Haki ni kile ambacho mtu akikidai kwa ajili yake hawezi kumnyima mwenziwe aliye katika hali ile ile. Faragha inayoweza kuwapo kwa sharti kwamba mwingine asiwe nayo si haki. Ni ubwana uliovaa joho la hekima. Pango la mikayi liko wapi? Virginia Woolf aliuliza swali la namna hiyo huko Uingereza mwaka 1929, alipodai kwamba mwanamke atakaye kuandika sharti awe na chumba chake na fedha zake. Mke wa Ngeso alikuwa amekwisha kuuliza kwa maneno machache zaidi.

Isidhaniwe kwamba utamaduni uliozaa kisa hiki haukuijua faragha. Katika boma la Kiluo la kale mwenye boma alikuwa na duol, kibanda chake cha kukaa na wazee wenziwe. Bibi naye alikuwa na siwindhe, walimolala watoto na kusimuliwa ngano. Utulivu ulikuwa na mahali pake, ila mahali hapo palikuwa ndani ya ua, ambapo sauti ya mwenye shida ingeweza kufika. Kosa la Ngeso, basi, halikuwa kupenda upweke. Kosa lake ni kuuhamishia upweke huo nje ya boma, kisha kuitaka nyumba imfuate na sahani mkononi.

Pingamizi kubwa ni lile la matunda. Ngeso hakuacha kitu; Montaigne aliacha kitabu ambacho kimewafaa wasomaji kwa zaidi ya karne nne. Je, si heri alivyokaa mnarani? Pingamizi hili lina uzito, hasa likipimwa na mfano wa Zakaria katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya kisiwa cha Ukerewe katika ziwa lile lile. Pango la Zakaria ni ulevi. Halitoi hata busara, na Regina ndiye anayeubeba mzigo wa nyumba. Baina ya Zakaria na Montaigne msomaji hasiti. Lakini deni la mtu halilipwi kwa kumpa mwingine. Binti yao wa kwanza alipofariki, mwaka 1570, Montaigne alimpelekea mkewe waraka wa faraja wa Plutarch uliotafsiriwa na La Boétie. Hodari huyu wa maneno alimfariji mama wa mtoto wake kwa maneno ya kuazima. Yake mwenyewe aliwawekea wasiomjua.

Hata hivyo, Montaigne alipofariki mwaka 1592, Françoise ndiye aliyehakikisha kwamba maandishi yake yanamfikia Marie de Gournay, aliyeyachapisha mwaka 1595. Tunda la mnara lilitufikia kwa mikono ya wanawake wawili, na jina lililo juu ya kitabu ni la mwanamume mmoja. Katika Seme mambo ni kinyume. Jiwe linaitwa kwa neno la mke, na Ngeso hutajwa ili neno hilo lipate kueleweka. Kila asimuliaye kisa hulirudia shtaka la aliyedhulumiwa.

Tena shtaka lenyewe lina shabaha. Mke hakusema kwamba mumewe ni mvivu, wala kwamba hampendi. Alisema kwamba pango limekuwa mikayi. Katika boma la Kiluo mikayi ni cheo chenye nyumba yake, haki zake na zamu yake ya kutangulia. Neno lake, kwa hiyo, linatoa kipimo ambacho Essais haikutoa: faragha ni halali maadamu inabaki kuwa mahali mtu anapokwenda na kurudi, inakuwa dhuluma inapokalia kiti cha mtu. Labda ndiyo maana wenyeji waliyatazama mawe yale yale wakaona humo boma zima: baba, mikayi, nyachira, reru, na simba ya mwana. Wamelirudisha pangoni lile boma ambalo Ngeso alilikimbia.

Waswahili husema uungwana ni vitendo. Kwa kipimo hicho ukoo wa Montaigne haumtetei, wala unyonge wa Ngeso haumhukumu. Kila mmoja anaulizwa ni nani aliyebeba chakula. Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuviorodhesha visa vya majina ya mahali kama kumbukumbu za kale. Kisa cha Kit-Mikayi kinaonyesha kwamba baadhi yake ni hukumu, na kwamba hukumu hizo bado zinastahili kujibiwa.