Mzee, Anza Wewe

Alhamdulillah, waswalatu wasalamu ala Rasulillah. Ndugu zangu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu katika jamaa zenu.

Wazee hunijia baada ya swala. "Sheikh, nipigie mwanangu, wewe atakusikia." Namba imeandikwa nyuma ya karatasi ya dawa. Ukiuliza wamekosania nini, jibu ni kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Ukichimba, yanatoka: mama yao aliachwa akiwa na watoto wadogo, karo haikulipwa, na kibanja akaandikiwa mtoto wa mke mdogo peke yake.

Mzee wangu, hapo simu ya sheikh haifui dafu. Mtoto ataulizwa kuhusu haki ya mzazi, hilo halina mjadala. Lakini haki ya mtoto nayo ni deni, na mvi hazilifuti.

Bashir bin Saad, radhi za Allah ziwe juu yake, alimpa mwanawe Nu'man zawadi. Mkewe Amra akataka Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, awe shahidi. Mtume akauliza: na watoto wengine umewapa vivyo hivyo? Hapana. Akakataa kushuhudia. Bashir hakubisha kwamba mali ni yake. Alirudi nyumbani akaitwaa tena ile zawadi. Kisa kimo katika Bukhari na Muslim.

Basi kabla hujamwita mtoto aje kukuuguza, litengeneze suala la kibanja ungali na akili timamu. Usitegemee wasia: hauzidi theluthi, na mrithi hausiwi. Kama mahari ya mama yake hukuimaliza, ipeleke. Kisha panda boda uende mwenyewe, bila kikao cha ukoo. Taja ulichokosa. Usiseme "yaliyopita si ndwele". Hayo ni ya aliyekosewa kuyasema.

Asipokufungulia, usihamaki; kupatana huchukua muda. Alipofariki Mwanamfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu wa Buganda, mwaka 1921, Waislamu hao waligawanyika, wakibishana kama Adhuhuri iswaliwe baada ya Ijumaa. Ilipita miaka zaidi ya 20 ndipo wakapatana, nao kibla chao kimoja! Mtume amekataza kuhamana zaidi ya siku tatu, na mbora ni anayeanza kutoa salamu. Kwa hiyo Idd ikifika, mpelekee tena salamu, hata kama ya kwanza haikujibiwa.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi.