Inua Juani Kwanza

Mtaa wa Kisenyi umeshaamka. Mashine za kusaga nafaka zinanguruma, na mama anayenunua sufuria iliyotumika ameiinua juani. Anachungulia ndani. Hatafuti mng'ao. Anatafuta tundu.

Nawe kijana unayetafuta kamera ya filamu ya 120, Yashica Mat au Mamiya iliyopita mikono mingi, fanya vivyo hivyo. Kamera ni sanduku la giza. Mwanga ukipenya, picha imeharibika. Basi usinunue jina. Usinunue rangi. Fungua mgongo wake. Gusa sponji za kuzuia mwanga. Zikinata vidoleni zimeoza, ila hizo hubadilishwa. Ingia chumba chenye giza, mulika tochi kwa ndani, kagua kila pembe kwa nje. Kisha weka shata kwenye sekunde moja. Bonyeza. Sikiliza. Ikisitasita, huenda mafuta yameganda. Ikikwama, mwachie mwenyewe.

Mikwaruzo ya nje mimi naipenda, ni alama ya kazi. Muuzaji mwema atakuacha ukague. Akikuharakisha, ndugu yangu, rudisha pesa mfukoni. Kazi njema.