Ukuta wa Mgeni

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema wahenga wetu. Lakini je, mwenyeji akimwogopa mgeni wake, afanyeje? Fuatana nami, ewe msomaji, mpaka Nagasaki, mji wa bandari ulioko kusini magharibi ya Japani, tukalitafakari jambo hili.

Tangu mwaka 1635 merikebu za Kichina ziliruhusiwa kutia nanga Nagasaki peke yake. Wafanyi biashara waliokuja nazo walipanga katika nyumba za wenyeji, wakaishi nao. Hata mwaka 1689 watawala wakawakusanya katika mtaa mmoja uliozungushiwa ukuta na handaki. Langoni waliwekwa walinzi, wala mgeni hakutoka ila kwa ruhusa.

Usiwahukumu watawala hao upesi. Magendo yalikuwapo kweli, na fedha na shaba za nchi zilikuwa zikitoka kwa wingi. Mwenye nyumba ana haki ya kufunga mlango wake. Lakini kufunga mlango ni jambo moja, na kumfungia mgeni chumbani ni jambo jingine. Kosa lilikuwa la baadhi yao. Adhabu ikawa ya wote. Tena kila muuza magendo ana mnunuzi wake, na wanunuzi walikuwa nje ya ukuta.

Ukienda huko leo, utaona nini? Bandari ilipofunguliwa kwa mataifa mwaka 1859, mtaa ule uliachwa polepole, na mwaka 1870 ukaungua. Yamebaki mahekalu machache tu yaliyojengwa upya. Wachina walihamia Shinchi, palipokuwa na maghala yao kando ya bahari, na hapo ndipo mtaa wao ulipo hata sasa. Mwaka 1899 Mchina mmoja alifungua mkahawa mjini, akawapikia wanafunzi wa kwao tambi zenye nyama, mboga na samaki, chakula cha kushibisha kwa bei nafuu. Chakula hicho, champon, leo ni fahari ya mji mzima. Kadhalika, mwaka mpya wa Kichina ukifika, maelfu ya kandili huwashwa mjini, na Wajapani husherehekea pamoja na Wachina.

Basi angalia: kilichojengwa kwa hofu kimetoweka, kilichopikwa kwa huruma kimedumu. Nawe, siku atakapoingia darasani mwako mwanafunzi mgeni wa lugha na desturi, kabla hujamwepuka, jiulize: je, nimeliona kosa lake, au nimeiona hofu yangu tu?