Shahidi Asiyedai Kitu

Kule Lowarengak, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Turkana, jiwe lililokaa majini siku nyingi huota utelezi wa kijani. Ukilikanyaga vibaya unajikuta umekaa chini bila kupenda. Sasa, ule utelezi ni kama mtaa wa kupanga: vijidudu vimebanana humo, kila kimoja na ukuta wake mwembamba wa mafuta.

Maji yakipata joto, ukuta wa mafuta hulegea, kwa hiyo kijidudu hubadilisha muundo wa mafuta yake ili kisivuje. Kikifa, sehemu kubwa ya mwili huoza upesi, lakini baadhi ya mafuta hayo huzama kwenye tope na kudumu maelfu ya miaka. Watafiti walichimba tope la chini ya ziwa hili, wakapima mafuta ya akea, vijidudu vinavyoelea majini, na humo wakasoma joto la zamani. Yalionyesha kwamba ziwa lilipata joto kali karibu miaka 5,000 iliyopita, wakati enzi ndefu ya mvua ilipokuwa ikiisha.

Je, kijidudu hicho ni shahidi? Hakikutaka kumwambia mtu chochote. Kilikuwa kinapambana na siku yake tu, kama wewe na kodi ya nyumba. Na ndiyo maana tunakiamini: asiyejua kwamba anasikilizwa hana sababu ya kudanganya.

Lakini miaka ya karibuni ziwa limepanda tena, likafukuza watu makwao. Mzee mvuvi akisema, "Maji yalikuwa kule, sasa yako mlangoni kwangu," sisi wa mjini tunamwambia eti hizo ni hadithi, alete data.

Sisemi mzee hakosei. Kumbukumbu hupinda, na mtu aliyepoteza nyumba ana maslahi yake. Ila mafuta yatakupa joto la maji na kuishia hapo. Hayajui nani alihama usiku, aliacha nini, wala nani alipaswa kumsaidia. Mzee anajua, na unaweza kumuuliza swali la pili.

Nashuku hatumkwepi kwa sababu ni shahidi mbaya. Tunamkwepa kwa sababu akimaliza kusimulia atauliza, "Haya, mtafanya nini?" Mafuta hayaulizi. Na tope linaweza kungoja miaka mingine elfu, mzee hawezi.